Kapsuli ya manjano yenye chembe zilizovikwa ganda

Dada, umeuliza kama kapsuli hii ya manjano, ile bizari ya mchuzi, ni unga wa soko la Marikiti tu uliotiwa kwenye kapsuli. La, sivyo. Kapsuli ya kawaida ikishayeyuka tumboni, unabaki unga uleule. Katika hii nyingine, kukumini, yaani ile dawa iliyo ndani ya manjano, imegawanywa vichembe visivyofika milimita 1, kila kimoja kimevikwa ngozi yake, kwa mfano ya gundi ya mgunga.

Shida ni kwamba kukumini haipatani na maji. Koroga manjano kwenye gilasi ya maji, ukiiacha kidogo tu unga umetua chini. Itie kwenye mafuta ya mchuzi uone rangi inavyotoka. Na hata hiyo kidogo inayopenya utumbo, ini huibadilisha upesi. Ngozi ile huisaidia kuchanganyika na maji ya tumbo na kuilinda njiani.

Nauza dawa hapa Majengo, na hili nawaambia wateja kila mara: kinachoingia zaidi mwilini kina nguvu zaidi, kwa mema na kwa madhara. Kuna walioumia ini kwa kumeza kapsuli za manjano. Mama yako akiwa anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, tafadhali asianze kabla ya kumuona daktari wake.