FAS kwa karatasi ya mtoto maanake nini?

SWALI: Mtoto wangu alidungwa kisigino juu kwa kina babake kuna sikoseli, majibu yakarudi FAS, eti damu ilitenganishwa na mashine ya stima inaitwa kapilari aisoelektriki fokasingi. Stima na damu ya mtoto wapi na wapi? Na ni mgonjwa ama si mgonjwa?
Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU: Pole na presha, dada. Si mgonjwa. Hemoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni. F ni ile ya uchangani, A ni ya kawaida, S ndo ya sikoseli, na zinaandikwa kuanzia iliyo nyingi, kwa hivyo A ikitangulia S huyo ni wa kubeba tu, ana S lakini haugui. Ingekuwa FS tupu tungekuwa na stori ingine.

Sasa stima. Haigusi mtoto, ni lile tone tu. Seli zinapasuliwa, hemoglobini inachanganywa na dawa zinaitwa amfolaiti, inajazwa kwa kijibomba cha kioo chembamba kama unywele, upana wa ndani kama maikromita 50, mwisho mmoja asidi mwingine alkali, halafu volti maelfu zinawashwa. Amfolaiti zinajipanga, pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inapanda polepole kutoka upande wa asidi hadi wa alkali. Protini ikiwa kwa asidi inakuwa na chaji chanya inasukumwa mbele, ikipitiliza kwa alkali inageuka hasi inarudishwa, mpaka ifike pahali chaji yake ni sufuri isimame hapo. Ni kama watu wametawanyika jioni soko la Kibuye likifungwa, kila mtu anajua geti lake na akilipita anarudi mwenyewe.

S inasimama wapi? Kwa S, amino asidi moja (kipande kinachojenga protini) ya mnyororo wa beta, namba 6, glutamiki asidi, imebadilishwa na valini, na glutamiki ndo ilikuwa na chaji hasi. S ikapoteza hasi kidogo, kwa hivyo geti lake liko pH 7.2 hivi wakati A iko karibu 7.0. Hiyo nafasi ndogo ndo mashine inasoma! Mwanakemia Linus Pauling na wenzake waliona tofauti hiyo ya chaji 1949, na mitambo mikubwa kushinda hii.

Kuungua hakuna, bomba ni jembamba mno hivi kwamba mkondo wa stima ni kidogo sana na joto linatoka haraka.

Mrudishe F ikishapungua, baada ya miezi 6 hivi, wapime tena. Na wewe na baba mjipime wote wawili, usikubali tu ati S imetoka kwao kabla karatasi mbili hazijakaa kwa meza.