Kufunika karo mpya (vigae vya sakafu) wakati wa kuchomelea antivole (vyuma vya kuzuia wezi)

Ndugu uliyeuliza kama turubai ya plastiki inatosha kulinda karo za sebule ya 40 m² kule Himbi, mtaa wa Goma, fundi akichomelea antivole: haitoshi. Cheche zinaitoboa, inayeyuka huku ikiwaka na kugandia karo.

Tafuta mabamba ya polipropilini ya milimita 2 yenye dawa ya kuzuia moto. Soma lebo: bidhaa za Ufaransa huandikwa M1, yaani haishiki moto kirahisi. Kama lebo haipo, kata kipande ukiwashe nje. Ukiondoa kiberiti, kinapaswa kuzimika chenyewe. Bamba la mita 1.2 kwa 2.4 hufunika 2.88 m², basi 14 yanatosha kwa shida. Nunua 16, pembeni utakatakata.

Kwanza fagia mara mbili, halafu pitisha kitambaa chenye maji. Hapa Goma ndipo wengi wanaharibu: mchanga wetu mweusi wa volkano ukibaki chini ya bamba, kila hatua inakwaruza karo, na lawama anabebeshwa fundi karo bure. Utepe uunganishe bamba kwa bamba, usiguse karo. Saruji ya katikati ya karo ikiwa bado mbichi, ngoja ikauke. Unyevu ukifungiwa unaacha madoa.

Ila M1 haizuii chuma kilichoyeyuka. Chini ya fundi weka blanketi la nyuzi za kioo, ondoa katoni na mbao hadi mita 10, kizimamoto kiwe karibu, na mtu abaki akiangalia saa nzima baada ya kazi. Afadhali zaidi, fremu ichomelewe uani, ndani zibaki nukta za kufungia tu.