Ile barua uliyoikuta sandukuni

Mwanangu mpendwa,

Uliponiuliza kwenye simu nilisingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzima. Ulitaka kujua ile barua iliyokuwa chini ya kanga zangu ni ya nani, maana mwandiko si wa baba yako, na kwa nini imekunjwa pale chini hata karatasi inataka kukatika.

Ni ya mama yako mkubwa wa mwembeni. Mumewe aliiandika akiwa vitani Masaka, Uganda, Machi 1979.

Wewe vita ya Kagera, ile tuliyopigana na Idi Amin wa Uganda, unaijua kwa masimulizi ya baba yako: Mutukula, Lukaya, Kampala kuanguka tarehe 11 Aprili. Huku Buchosa vita ilianza siku lori lilipowachukua mgambo wetu, Novemba 1978, mvua ya kupandia imeshika na mbegu za pamba bado zimo kwenye magunia. Tukabaki sisi, wazee na watoto. Tulilima kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, mmoja wetu akibaki na watoto wa wote. Tulikula michembe ya viazi vitamu, na samaki furu tuliowavua wenyewe ukingoni kwa kanga kuukuu. Mwishoni mwa Machi ndege ya Libya, waliokuwa wakimsaidia Amin, ilishambulia Mwanza, mabomu yakaua wanyama wa kisiwa cha Saanane. Tangu habari ile itufikie, koroboi tulizizima mapema.

Mimi nilikuwa nimepita kisomo cha watu wazima, kwa hiyo barua za waume wa wenzangu zililetwa kwangu. Ni kazi nzito, mwanangu, kumsomea mtu sauti ya mumewe.

Ya mama yako mkubwa ilianza kwa salamu, ikauliza hali ya watoto na ng'ombe. Kisha mwishoni: nikifa, pamba na ng'ombe achukue mdogo wangu, na wewe akurithi. Nikauona mstari ule kabla ulimi haujaufikia. Nikameza mate, nikaruka, nikasoma "wako akupendaye".

Alifurahi. Akasema, "Kaa nayo wewe, mayu, nitakuja unisomee tena." Akawa anakuja kila Jumapili. Ndipo nikaukunja ule mstari, jicho lisije likaponyoka.

Mume hakurudi. Amezikwa Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, na wenzake. Pamba ilipokuwa tayari kupimwa, shemeji akaja na wazee wawili kudai mali, anasema kaka alimwachia neno. Wazee wakaniita. Wakaniuliza kama barua ile inasema lolote kuhusu mali.

Nikasema haisemi.

Nilidanganya, mwanangu, mbele ya wazee, juu ya neno la marehemu. Nimelibeba miaka yote hii, na sijawahi kumwambia hata baba yako. Lakini pamba ile marehemu hakuiona hata ikiota. Niliyemwona shambani ni mkewe, mtoto mgongoni, akipalilia mpaka jua linazama. Nilimwona akikesha juu ya magunia yake akiogopa wezi. Anampaje mdogo wake jasho la mwingine, tena na mwenye jasho juu yake? Hilo silikubali, wala leo silikubali.

Pesa alizilipwa mwenyewe, kidole chake kwenye wino. Akaezeka bati. Shemeji hakumrithi, mama yako mkubwa alikataa, na wazee hawakuwa na andiko la kumlazimisha.

Alipougua ule ugonjwa wa mwisho nilikwenda kumuuguza. Akanishika mkono, akaniambia, "Mayu, kila ukinisomea ile barua ulikuwa unameza mate palepale."

Sikumjibu. Akaniomba nimsomee tena. Nikaichukua, nikasoma, na nilipofika pale nikameza mate, yeye akanibana vidole.

Irudishe sandukuni, mwanangu. Ule mkunjo usiunyooshe.

Mama yako.