"Pasaka wetu" au "Pasaka yetu"?

Swali: Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili anauliza: "Katika 1 Wakorintho 5:7, tafsiri ya Union ya mwaka 1952 inasema, 'Pasaka wetu amekwisha kutolewa kuwa sadaka, yaani, Kristo.' Wanafunzi wangu wanasisitiza kuwa hilo ni kosa, kwani sote tunasema Pasaka yetu, Pasaka imefika. Je, niwasahihishie?"

Jibu: Usisahihishe, ndugu mwalimu. Upatanisho huo wa kisarufi ni sahihi, na umebeba fundisho zito la Kanisa la kwanza.

Tukitaja Pasaka leo twafikiria sikukuu, na jina la sikukuu hufuata ngeli ya I-ZI. Lakini neno la Kiebrania, pesakh, lilikuwa jina la sikukuu na pia la mnyama mwenyewe, aliyechinjwa tarehe 14 ya mwezi wa Nisani, katika kalenda ya Kiyahudi, na kuliwa usiku ule. Ndiyo maana Luka 22:7 inazungumzia "kuchinja pasaka", sikukuu haichinjwi. Sasa, katika Kiswahili sanifu jina la mnyama hufuata upatanisho wa viumbe hai, umbo lake liwe lolote: kondoo wetu amechinjwa, kifaru wetu amekufa. Watafsiri walielewa kwamba Paulo anamtaja mwana-kondoo, wakaandika wetu na amekwisha. Ukiandika yetu imekwisha kutolewa, kinachotolewa sadaka kinakuwa sherehe, na Kristo anaondoka katika sentensi kabla hujafika kwenye "yaani".

Tazama pia kwamba katika mstari huohuo Paulo anawaagiza Wakorintho waitoe "chachu ya kale". Hiyo ni desturi ya nyumba ya Kiyahudi, ambayo kwa mujibu wa Kutoka 12:15 iliondolewa chachu yote kabla ya kula mikate isiyochachwa. Baadhi ya vijana hudhani chachu ni jina la kizamani la hamira tu. Sivyo hasa. Hamira twainunua dukani, kila mara mpya. Chachu ya nyakati zile ilikuwa kibonge cha unga uliokwisha kuchacha, kilichowekwa akiba na kukandiwa katika donge la kesho, hivi kwamba ukale ulirithishwa mkate kwa mkate. Bila picha hiyo, neno "kale" halina kazi pale.

Mabishano juu ya neno lenyewe ni ya zamani. Katika karne ya 2, Melito, askofu wa Sardi, alifundisha kwamba neno Pasaka latokana na kitenzi cha Kigiriki paskhein, yaani kuteseka. Kwa mwanaisimu hilo ni kosa, na Origen, mwalimu wa Kanisa, alilisahihisha katika karne ya 3 kwa kurejea Kiebrania, akieleza kuwa maana yake ni kuvuka. Hata hivyo, ninamwelewa Melito: Wakristo wa Asia Ndogo, yeye akiwa mmoja wao, walikuwa bado wakiadhimisha Pasaka tarehe ileile 14 ya Nisani, hivyo mateso ya Kristo na kuchinjwa kwa mwana-kondoo viliwafikia kwa siku moja na kwa jina moja.

Neno limbuko nalo, ambalo Kristo anaitwa katika 1 Wakorintho 15:20, linatoka katika kalenda hiyohiyo ya Kiyahudi, kwenye mganda wa kwanza wa mavuno ulioletwa kwa kuhani (Walawi 23:10). Anayejua kulimbuka, yaani kuonja mazao mapya kwa mara ya kwanza, anaelewa kwamba mavuno mengine yanafuata.

Basi waeleze wanafunzi hivi: wakizungumzia siku, waseme Pasaka yetu imefika, na salamu ibaki Pasaka njema, wakimzungumzia Mwana-kondoo, waseme Pasaka wetu, na kitenzi kianze na a-.