Mwanangu, uliza walifanyaje

Mwanangu,

Marahaba. Unasema klabu ya sayansi ya shule yenu imekupa kipindi kimoja uzungumze na kidato cha tatu kuhusu watu weusi waliofungua njia, na unaniuliza ni akina nani walionigusa mimi, katika fani mbalimbali, na uwaeleze vipi ili watoto wasisinzie. Orodha uliyoambatisha ni ndefu mno, na karibu kila jina umeliandikia "wa kwanza". Ipunguze. Mwanafunzi akishaambiwa kuwa fulani ndiye mweusi wa kwanza kufanya jambo fulani, atasema sawa, na hapo mazungumzo yamekwisha. Mweleze jambo lenyewe lilifanywaje, liligoma wapi na kwa nini, uone kama mikono haitanyooshwa.

Wangu ni watano tu, na simchukulii yeyote sawa na Vivien Thomas.

Alizaliwa 1910, akakulia Nashville, Marekani, akajifunza useremala kwa baba yake. Alikuwa anaweka akiba asomee udaktari. Uchumi ulipoporomoka baada ya 1929, benki ikaanguka na akiba yake. Februari 1930 akaajiriwa katika maabara ya daktari wa upasuaji Alfred Blalock, Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Kazi aliyoifanya ilikuwa ya utafiti, lakini kwenye daraja la mishahara aliwekwa pamoja na wafagiaji. Mwaka 1941 wakahamia chuo na hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Huko daktari wa watoto Helen Taussig akawaletea tatizo lake: watoto wanaozaliwa na moyo mbovu, midomo na kucha zina rangi ya bluu, wengi hawafiki utu uzima.

Hapa chora moyo ubaoni, usiruke. Kasoro ni nne kwa pamoja. Kuna tundu kati ya vyumba viwili vya chini. Njia ya kupeleka damu mapafuni imebana. Aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, imekaa juu ya lile tundu, kwa hiyo inapokea damu ya pande zote mbili. Na msuli wa chumba cha kulia umenenepa kwa kusukuma kwa nguvu siku zote. Matokeo yake damu nyingi inarudi mwilini bila kupita mapafuni kuchukua oksijeni.

Dawa waliyoifikiria haikugusa moyo wenyewe. Waliukata mshipa wa ateri unaokwenda mkononi, wakaugeuza, wakaushona ubavuni mwa ateri ya mapafu. Damu iliyokuwa imeponyoka ikapata nafasi ya pili ya kupita mapafuni, na mkono haukufa kwa sababu mishipa midogo ya pembeni huulisha. Kusema ni rahisi. Thomas alilazimika kwanza kuitengeneza hali hiyo ya bluu kwa mbwa, halafu ndipo aitibu. Kazi hiyo ilichukua kama miaka miwili na mbwa wapatao 200. Sindano na vibanio vya kufaa mishipa midogo namna ile havikuwepo, akavirekebisha kwa mkono wake.

Na panapoharibika ni kwenye mshono. Ngozi ya ndani ya mshipa mmoja isipokutana vizuri na ngozi ya ndani ya mwingine, damu huganda hapo na njia kuziba. Uzi ukivutwa sana, mdomo unasinyaa kama mfuko wa kamba. Njia ikiwa kubwa kupita kiasi, mapafu hufurika na moyo huchoka. Ikiwa ndogo mno, mtoto anabaki bluu.

Tarehe 29 Novemba 1944 walimpasua mtoto wa miezi 15 mwenye uzito wa kilo 4 na kitu. Blalock ndiye aliyeshika kisu, ila upasuaji huo kwa mbwa alikuwa ameufanya mara nyingi zaidi Thomas, kwa hiyo Thomas alisimama juu ya kistuli nyuma ya bega lake, akimwelekeza: sindano iingie upande gani, nafasi kati ya mshono na mshono iwe kiasi gani. Wanafunzi watauliza kama yule mtoto alipona. Waambie ukweli: alipata nafuu, miezi kadhaa baadaye hali ikarudi, akafariki. Mtoto wa tatu, wa miaka sita, ndiye ambaye vibanio vilipofunguliwa midomo yake iligeuka myekundu palepale mezani. Makala ya kitabibu ya 1945 ilitoka kwa majina ya Blalock na Taussig. Jina la Thomas halimo. Chuo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976, nayo ilikuwa ya sheria. Sitaki kuliongeza neno hapo.

Upasuaji huo upo hadi leo, ila sasa mara nyingi hutumika kimrija cha bandia chenye upana wa milimita 3.5 au 4 badala ya mshipa wa mkono. Na jambo moja la kuwaachia watoto wenye wadogo nyumbani: mtoto mwenye ugonjwa huu hucheza kidogo kisha huchuchumaa. Kuchuchumaa kunabana mishipa ya miguuni, presha ya mwilini inapanda, na damu zaidi inalazimika kupita mapafuni. Kichanga akigeuka bluu ghafla akilia, mkunje magoti hadi kifuani, mtulize, na safari ya hospitali ianze papo hapo.

Wa pili ni Katherine Johnson, na huyu utampenda kwa sababu hesabu zake zilipita juu ya kichwa cha bibi zako. Alianza kazi Langley, kituo cha utafiti wa urukaji huko Virginia, Marekani, mwaka 1953, katika kundi la wanawake weusi waliokokotoa kwa mkono. Mwaka 1960 aliandika ripoti pamoja na mwenzake Ted Skopinski iliyojibu swali hili: ukitaka chombo cha angani kishuke mahali fulani duniani, kirushwe kwa pembe ipi ya mwelekeo? Alianzia mwisho, mahali pa kutua, akarudi nyuma hadi kwenye kurusha. Tarehe 20 Februari 1962 mwanaanga John Glenn alipotaka kuzunguka dunia, aliomba kwanza Johnson azikague namba za kompyuta. Zilimchukua siku moja na nusu kwa mashine ya hesabu ya mezani.

Wape wanafunzi hesabu hii. Mzunguko mmoja ulikuwa wa dakika 88 na nusu hivi. Dunia hujizungusha robo digrii kwa dakika. Kwa hiyo kila mara chombo kinapomaliza duru, ardhi chini yake imesogea kama digrii 22. Kikipita juu ya Unguja duru hii, duru inayofuata kitaikata latitudo ileile magharibi mwa Kongo. Waonyeshe kwenye atlasi. Unguja siitaji bure: Wamarekani walikuwa na kituo cha kukifuatilia chombo hicho pale Tunguu, kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Kingine kilikuwa Kano, Nigeria.

Kisha kosa. Glenn alitua kama kilomita 64 kabla ya mahali palipopangwa. Chombo kilikuwa kimepungua uzito kwa vitu vilivyotumika njiani, na hesabu ya roketi za breki haikuuondoa uzito huo. Chombo chepesi, breki zilezile: kinapungua kasi zaidi na kushuka mapema. Kidato cha tatu wanaijua kanuni ya pili ya Newton, waache waligundue wenyewe. Waambie pia kwamba kwa kasi ile, kuchelewa kuwasha breki sekunde moja ni kama kilomita 8.

Daktari Charles Drew wa Marekani nitakwenda naye haraka, isipokuwa pale unapokosea. Uliandika alikufa kwa kunyimwa damu katika hospitali ya wazungu. Hadithi hiyo imeenea sana, na si kweli. Alipata ajali ya gari North Carolina tarehe 1 Aprili 1950, madaktari wazungu wa pale walimhudumia, majeraha yakamshinda. Kazi yake ni ya 1940: kupeleka plazima, yaani majimaji ya damu, Uingereza wakati wa vita. Wakati ule damu nzima haikukaa siku nyingi hata kwenye baridi, na ilihitaji kulinganishwa makundi. Ukitoa chembe nyekundu na kuchanganya plazima ya watu wengi, kingamwili zinazogombana hupunguzana, na inakaa muda mrefu zaidi. Hatari iko hapohapo kwenye kuchanganya: chupa moja ikiingia bakteria, pipa zima limeharibika. Ndiyo maana Drew alilazimisha utaratibu mmoja kwa hospitali zote za New York zilizokusanya, na vipimo vya bakteria kabla ya kusafirisha. Waliochangia walizidi 14,000. Mwombe mtu wa maabara ya hospitali ya wilaya awaonyeshe mfuko wa damu uliotulia kwenye friji: plazima ya manjano juu, nyekundu chini. Hiyo picha inatosha.

Alice Ball ni wa wanakemia. Mafuta ya chaulmoogra, yatokanayo na mbegu za mti, yalitumika kutibu ukoma, lakini ni mazito, hayachanganyiki na maji ya mwili. Yakichomwa hubaki vivimbe chini ya ngozi, yakinywewa hutapisha. Ball, akiwa Hawaii mwaka 1915 hivi, aliziunganisha asidi za mafuta hayo na ethanoli, akapata esta nyepesi inayochomeka na kufyonzwa. Alifariki Desemba 1916 akiwa na miaka 24, na mkuu wa chuo akaichapisha kazi kama yake. Ilitumika mpaka dawa za sulfoni za miaka ya 1940.

Wa mwisho Wangari Maathai, na hapa usizungumzie tuzo yake ya Nobeli ya amani ya 2004, zungumzia malipo. Tangu 1977 akina mama vijijini Kenya walikusanya mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha kwenye makopo yaliyotobolewa chini. Mashimo yalikaguliwa kabla miche haijatolewa, na senti 4 za Kimarekani zililipwa kwa mche ulioshika, si uliopandwa. Kwa sisi tulioona kampeni za kupanda miti zenye picha nyingi na vijiti vikavu, tofauti inajulikana.

Kipindi kikiwa cha dakika 40, bakia na Thomas na Johnson, wengine waandikie kwenye karatasi ya kubandika ukutani. Beba atlasi na rula. Moyo uchore kabla hawajaingia, maana kuuchora kwako kunakula muda.

Mama yako