Wote tulituma hela, wa kukaa na mama akawa mmoja

Mtoa mada unasema kizazi chetu kimeua maadili ya familia, zamani watu walipendana, siku hizi kila mtu na lwake. Mi hapo nakataa, na nasema kwa yaliyonikuta.

Mama alipopooza upande mmoja tulikuwa watoto wanne, watatu tuko mbali kikazi, kitindamimba ndo hakuwa na ajira akabaki nae. Tukafungua grupu la WhatsApp, michango kila mwezi, anayechelewa anasemwa, na mimi ndo nilikuwa mkali kuliko wote. Hela haikukosekana hata mwezi mmoja. Sasa mdogo wetu ndo anamgeuza mama usiku asipate vidonda mgongoni, anamwogesha, anamlisha, anafua mashuka, halafu kwenye orodha ya michango jina lake lina sifuri na tulimwita "asiyechangia" bila hata aibu.

Nikachukua likizo wiki mbili nikampokea. Siku ya tatu tu kiuno kinauma, usingizi sina, saa nane usiku mama ananiita na sielewi anataka nini maana maneno yanamtoka nusunusu, mdogo wangu angejua kwa kumwangalia tu. Nililia siku ile jamani.

Kwa hiyo upendo upo, watu wa kuuguza ndo wamepungua. Miaka ya 1960 wastani wa dunia ulikuwa kama watoto 5 kwa kila mwanamke, leo ni wawili na kidogo, na tangu 2007 hivi zaidi ya nusu ya watu duniani wanaishi mijini, yaani ndugu wachache na hao wachache wako mbali. Na hiyo zamani tunayoisifia, mzigo walibeba mabinti na wakamwana, hakuna aliyewauliza kama wanaweza. Leo nao wako kazini, na ni haki yao.

Sisi ilibidi tukae tuseme mambo wazi. Mdogo wetu sasa ana pesa yake kila mwezi, mbali na ya dawa, na sisi watatu tunapeana zamu za likizo kwenda kumpokea. Kaka mkubwa aligoma kwelikweli, eti kuuguza ni kazi ya wanawake, tukamng'ang'ania mpaka akaenda. Juzi kanipigia kuniambia mama asubuhi anapenda kulazwa ameelekea dirishani.