Ameacha gongo ghafla, sasa anatetemeka

SWALI: Mume wangu amekunywa gongo kila siku kwa miaka minane. Juzi usiku aliapa kuacha. Leo hata kikombe cha chai hakishiki bila kumwagika, na jasho linamtiririka. Mama mkwe anasema nimpe kidogo azimue. Nifanyeje?

JIBU: Mpeleke hospitali leo, dada. Hiyo ni arosto: ubongo uliozoea kupozwa na pombe sasa umefunguka breki. Kutetemeka huanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho. Degedege huja zaidi ndani ya saa 48. Kati ya siku ya 2 na ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, akawa anafukuza wadudu wasiokuwepo ukutani. Hatua hiyo huua.

Kuzimua kunatuliza kwa muda tu, kisha arosto inarudi. Hospitalini hupewa diazepamu, dozi ikipunguzwa siku hadi siku (usimnunulie duka la dawa, ikichanganyika na pombe huzima pumzi). Waeleze alikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kama hali chakula vizuri. Asiyekula huhitaji vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi.